Noti Kumi na Mbili za Juu

Jumanne, 14 Januari 2014

Kikaratasi kimeletwa asubuhi. Mwandiko wa Bwana Bentsil, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayeandika hata salamu kama anasahihisha mtihani. Anasema Madam Naa Dei Sackeyfio wa Accra, mpiga piano hasa, aliyesomea Ulaya na kupigiwa makofi huko, atakuja kutupigia sisi watu wa Cape Coast. Jumapili, tarehe 26, saa kumi alasiri. Anauliza kama piano iko tayari.

Nimejibu nyuma ya kikaratasi kile kile: iko tayari kama bibi harusi.

Uongo mtupu! Piano yenyewe ni bibi kizee. Haikuwa nzuri hata ilipokuwa mpya. Wamisionari walioileta walinunua walichoweza. Ukubwa inao, sauti haina. Chumvi ya bahari imekula nyuzi za besi. Pedali inalia kama mlango wa choo. Ubao wa sauti una ufa unaoingia ukucha. Vibonye vitatu vya katikati ukivibonyeza havirudi, vinakaa huko huko chini vimenuna. Na sasa ni msimu wa Hamatani, upepo wa jangwani, midomo imetupasuka wote na mbao zimekauka kuliko midomo.

Hayo yote nayaweza. Miaka thelathini na mmoja nimeshika ufunguo wa piano ile. Nisiloliweza ni jingine, na naliandika humu tu, mahali ambapo hapana wa kusoma. Noti kumi na mbili za juu sizisikii. Nikibonyeza nasikia mbao inagonga, tok, basi. Mwaka wa sita huu.

Aliyejua ni mke wangu peke yake. Aba alikuwa akikaa kwenye kigoda nyuma yangu, mkono begani kwangu. Kidole kimoja, kaza. Vidole viwili, legeza. Kofi dogo, imetosha, twende tukale. Mtu akiingia aliona mke anampapasa mumewe, akatoka kwa aibu. Mwezi wa tatu mwaka jana Aba akafariki. Tangu hapo nimetyuni piano, yaani kuzipatanisha nyuzi zake, mara mbili kwa kubahatisha, na hakuna aliyelalamika. Hilo lilinishangaza, lakini sikulichunguza.

Bwana Bentsil ameongeza chini, kwa wino mwekundu: mgeni akilalamika, kamati itamkabidhi ufunguo Fiifi Arkorful.

Fiifi! Nilimfundisha mwenyewe, miaka kumi na mmoja. Sasa ana kipara, na ana simu yenye mshale: noti ikipanda mshale unaenda kulia, ikishuka unaenda kushoto. Huo ni ufundi, au ni kuswagwa kama ng'ombe? Ufunguo simpi ng'o. Nikiukosa, kile kigoda cha Aba nitakwenda kukiangalia wapi?

Alhamisi, 16 Januari

Nimeanza kazi. Katikati kumekubali, kisha kukakataa. Hamatani haina adabu: ninachokaza asubuhi, adhuhuri kimeshaporomoka. Nimeweka beseni mbili za maji chini ya piano, na taulo mbichi juu yake, ili mbao zipate unyevu. Beseni ni za Mama Esuon, mtunza ukumbi. Sikumwomba. Ameingia akizitafuta, akazikuta, akauliza kama siku hizi piano inaoga. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema sayansi ikanunue beseni zake sokoni Kotokuraba. Ameniachia moja.

Mpango wa kwanza. Nilisoma zamani kwamba mtu husikia hata kwa mfupa. Nimechukua mwiko wa Aba, ule wa kusongea banku, ugali wetu, nikauma mpini, kichwa cha mwiko nikakigandamiza kwenye fremu ya chuma, nikapiga noti ya mwisho kabisa. Nilisikia kitu! Au nilikihisi. Meno yalitetemeka hadi kisogoni. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote. Jino langu la bandia likachomoka, likaruka, likatumbukia ndani ya piano.

Nimelitafuta saa nzima kwa tochi. Halipo. Nikipiga besi nasikia kitu kinacheza huko chini, trrr. Hicho nakisikia vizuri sana.

Ijumaa, 17 Januari

Leo vibonye vilivyonuna. Dawa yake naijua: pombe kali kidogo, maji kidogo, tone moja kwenye kila kiungo, kitambaa cha ndani kinasinyaa, kibonye kinaachia. Spiriti nimeitafuta mji mzima, hakuna. Nikanunua akpeteshie, gongo yetu, chupa moja, nikaificha ndani ya gazeti la kanisa.

Saa tano Mama Esuon akanikuta nimepiga magoti, kichwa ndani ya piano, chupa mkononi, pengo mdomoni. Nikajaribu kueleza. Bila lile jino maneno yalitoka yameloa. Akajishika kichwa, akasema maskini Mzee Kwamena, ndiyo umefikia hapa? Akatoka mbio.

Saa saba akaja Bwana Bentsil. Akanusa hewa. Akavuta kiti, akaongea nami polepole, ile sauti ya kuongea na wafiwa. Akasema ujane ni mzigo mzito kwa mwanamume, wengi huangukia kwenye chupa, hakuna wa kunicheka. Huku anaongea kidole chake kikawa kinajaribu noti za juu, moja, mbili, tatu, na uso ukamkunjamana. Akauliza kama ninakunywa kila siku.

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikisema mimi si mlevi, ataniuliza basi noti hizi zimefanywa nini. Fundi mlevi husamehewa, huombewa, huletewa supu. Fundi kiziwi hana kazi. Nikainamisha kichwa. Nikasema kila siku, Bwana Mwenyekiti, asubuhi na jioni.

Akaniombea palepale, mkono juu ya utosi wangu, dakika kumi nzima. Vibonye vimeachia vyote vitatu. Hakuna aliyeviangalia.

Jumamosi, 18 Januari

Mazishi, kama kila Jumamosi. Mji mzima umevaa nyeusi na nyekundu. Sikwenda ukumbini. Nilikaa barazani, bendi ya matarumbeta ikapita na jeneza la mtu nisiyemjua. Matarumbeta nayasikia. Ngoma naisikia. Wanawake wakipandisha kilio juu kabisa, nusu nasikia, nusu naona vinywa tu.

Aba naye tulimzika Jumamosi. Kwaya iliimba wimbo aliouchagua mwenyewe, na sauti zilipopanda mwishoni mimi nilijua umekwisha kwa kuona watu wanakaa. Nilizika mke na wimbo wake nikausikia nusu. Leo nimelia kidogo. Kisha nikala kenke, ugali uliofungwa kwenye majani na kuchemshwa, na samaki wa kukaanga, kwa sababu vilikuwepo.

Jumapili, 19 Januari

Wameniombea kanisani. Kwa jina! Mchungaji akasema yuko ndugu yetu mmoja anayepambana na chupa, kisha akasahau akasema Mzee Kwamena Quansah. Kanisa zima likageuka. Baada ya ibada kila mwanamume akanishika mkono. Wawili wakaniambia kwa siri kwamba nikizidiwa nisinywe ile ya nyuma ya soko, inapofusha, wao wanajua nzuri inapopatikana.

Fiifi naye akaja. Hakuniombea wala hakunishauri. Aliniuliza tu kama nitakuwa ukumbini wiki yote. Nikamwambia wiki yote, asubuhi hadi jioni, na mlango nitaufunga. Uso ukamshuka. Nikajua: anapanga kuniingilia kazi. Hanipati.

Jumatatu, 20 Januari

Mpango wa pili. Kama sina masikio, niazime. Nimemwita Ekuwa Hayfron, sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwalimu wa chekechea, sikio lake kali kama wembe. Nikamdanganya kwamba namjaribu ili aimbe peke yake Pasaka. Kazi yake nyepesi: mimi napiga noti, yeye anasema imepanda, imeshuka, au iko sawa.

Noti ya kwanza: iko sawa, baba. Ya pili: nzuri sana, baba. Ya tatu nikailegeza makusudi, uzi ukawa kama kamba ya kuanikia nguo. Akaangalia sakafu, akatabasamu: tamu, baba.

Nikampandishia sauti. Sema ukweli wewe! Akapiga goti kabisa. Akaniuliza yeye ni nani hata amwambie mzee, aliyetyuni piano hii kabla yeye hajazaliwa, kwamba noti yake mbovu. Mama yake akisikia atauficha wapi uso? Nikambembeleza. Nikamwamuru. Nikamwambia nampa ruhusa mbele ya Mungu. Kila noti ikawa tamu.

Ndivyo tulivyowalea, na tulijisifu sana wakati tunawalea. Wakati anatoka akauliza nguo ya Pasaka ashone ya rangi gani. Nikamwambia nyeupe. Sina mamlaka yoyote kwenye kwaya ile.

Jumatano, 22 Januari

Mpango wa tatu. Nauandika kwa haya. Mshale.

Nimeazima simu ya mpwa wangu, muuza vitambaa, akaniwekea hiyo programu yao. Nikafunga mlango na madirisha, nisionekane. Nikapiga, nikakaza, mshale ukasogea, ukasimama katikati, ukawa kijani. Loo! Mbona rahisi! Noti zote kumi na mbili kwa nusu saa. Nikaanza hata kumsamehe Fiifi.

Kisha nikaondoa mikono kabisa, sigusi kitu, na mshale ukaendelea kucheza. Kijani, nyekundu, kijani. Nikafungua dirisha. Nje, penye stendi ya magari, nabii mmoja na spika zake mbili anahubiri tangu alfajiri. Mshale ulikuwa unamfuata yeye! Noti zangu za juu nimezipanga kwa sauti ya mtu anayefokea mashetani.

Nikataka kuanza upya, chaji ikaisha. Basi. Labda nabii ana sikio.

Alhamisi, 23 Januari

Mpango wa nne, na huu ulikuwa wa akili. Kama noti za juu ni mbovu, zisipigwe. Nimempigia simu Madam Sackeyfio Accra, nikajitambulisha kama mshauri wa mila wa ukumbi. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba sisi Wafante, watu wa Cape Coast, tuna mwiko: Januari nzima, piano haipigwi kule juu. Wahenga hawapendi.

Akasema yeye ni mtu wa Ga, kabila la Accra, na kwao kila mwaka ngoma zote hunyamazishwa mwezi mzima kabla ya sikukuu yao, kwa hiyo miiko ya kelele anaiheshimu kabisa. Ila kwao wakinyamaza wananyamaza zote. Ndiyo kwanza anasikia wahenga wanaochagua noti. Akauliza hiyo ya chini yake kidogo je, inaruhusiwa? Nikasema nitawauliza. Akacheka sana. Akasema tutaonana kesho, baba.

Ijumaa, 24 Januari

Siku mbaya. Niiandike yote.

Amefika saa nne kufanya mazoezi. Mwanamke mfupi, viatu vya chini, mkoba wa nguo. Kamati ilibishana wiki nzima apewe kenke ya kwao ya kufungwa kwa maganda ya mahindi au yetu ya majani ya mgomba. Akala zote mbili, akanawa mara tatu, akakaa. Tulikuwepo mimi, Bwana Bentsil, Mama Esuon, na Fiifi aliyekuja eti kupanga viti.

Akapiga katikati. Nikapumua. Akashuka kwenye besi, jino langu likalia trrr, akainua nyusi. Kisha mkono wa kulia ukaanza kupanda. Nikaacha kuangalia mkono, nikaangalia nyuso. Bwana Bentsil akafumba macho kama mtu anayenyweshwa shubiri. Mama Esuon akashika shavu. Fiifi akaangalia viatu vyake. Mimi nikasikia tok, tok, tok.

Akaacha kupiga. Amelelewa vizuri mwanamke yule, hakusema mbovu. Alisema piano hii imeona mengi. Kisha akauliza, kwa upole, ni nani aliyeitengeneza.

Bwana Bentsil akanigeukia. Nikauona ufunguo unanitoka, na kigoda, na mkono begani, na miaka yangu yote na Aba ndani ya ukumbi ule inatolewa nje kama viti vibovu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema ni Fiifi Arkorful, huyu hapa, na simu yake.

Nikangoja anikane. Ana mashahidi mji mzima! Wote wameniona wiki nzima kichwa ndani ya piano. Hata Mama Esuon alishafungua kinywa. Fiifi akamzuia kwa mkono. Akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele yangu akiwa mwanagenzi, akasema ni kweli, Madam, kosa ni langu, naomba nipewe leo na kesho asubuhi nirekebishe. Bwana Bentsil akamwangalia yeye, akaniangalia mimi.

Mpango umefanikiwa. Wa kwanza kufanikiwa tangu nianze! Nimerudi nyumbani, nikapakua chakula, kikanishinda.

Jumamosi, 25 Januari

Mama Esuon amekuja kwangu asubuhi, amevaa nyeusi, anakwenda mazishini. Nimempa maji, hakuyapokea. Hapa kwetu mgeni asiyepokea maji hajaja kwa heri.

Amesema haya, nami nayaandika yote ili niyakanushe vizuri. Kwamba nimemtia aibu mtu asiye na kosa. Kwamba kila ninapotyuni, kesho yake asubuhi Fiifi anakuja ukumbini, anazirudia noti za juu moja moja, anaondoka kimya. Kwamba ni miaka sita sasa. Kwamba yeye ndiye anayemfungulia piano, tena kwa pini ya nywele, kwa hiyo huo ufunguo ninaoringia hauna kazi, hata kuku angefungua bila huo. Kwamba safari hii Fiifi alishindwa kwa sababu mimi sikutoka ukumbini na mlango nikaufunga.

Nikamuuliza ni nani alimtuma Fiifi. Akasema Aba.

Nikacheka. Nikamwambia Aba alikuwa ananisikilizia mwenyewe, sasa Fiifi wa nini? Hasira ikamtoka Mama Esuon usoni, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema Aba naye alikuwa hazisikii. Zilimtoka mwaka ule ule, au mwaka uliofuata. Alimwambia mwenyewe, wakimenya mihogo jikoni kwake, akicheka mpaka machozi: vile vidole begani kwangu alikuwa anabahatisha tu, kimoja, viwili, kofi, kwa sababu alikuwa anapenda kuniona nimeridhika. Tukishafika nyumbani, anamtumia Fiifi habari.

Uongo! Maneno ya jikoni! Nimemwambia atoke nyumbani kwangu. Alikuwa ameshatoka.

Mchana akapita Fiifi. Akasimama mlangoni, akanipa leso iliyokunjwa, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Ndani mlikuwa na jino langu, limeoshwa. Akasema Mwalimu, kazi imekwisha, Madam ameridhika. Habari ya jana hakuigusa. Nilitaka kuigusa mimi. Nikamwambia asisahau kuondoa taulo.

Jumapili, 26 Januari

Ukumbi ulijaa. Wenye suti, wenye vitambaa vya kente, kwaya nzima. Ekuwa akanionyesha kwa mbali kitambaa cheupe. Nikakaa safu ya tatu, pembeni, jino mahali pake.

Sitasema piano ilikuwa nzuri. Bibi kizee ni bibi kizee. Lakini mwanamke yule anajua kuongea na wazee. Besi imechoka, hakuisukuma. Pedali, Fiifi ameitia mafuta, haikulia. Na katikati, pale nilipohangaika mimi na gongo yangu, palitoa sauti ambayo sijaisikia kwa miaka. Nikanyoosha mgongo. Jirani yangu akaniuliza mbona natabasamu.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha taratibu. Mikono ikapanda, ikapanda, wa kushoto ukanyamaza, ukabaki wa kulia peke yake kule mwisho, kidole kimoja kimoja. Ukumbi mzima kimya, hata wa kukohoa hakuna. Watu walikuwa wanalia. Mama Esuon alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. Mimi nilisikia tok. Kimya. Tok. Nikajipangusa macho makavu kwa kiganja, nisionekane silii.

Kisha likaja wazo, sikulikaribisha. Na kama ni kweli? Kama ni kweli alikaa nyuma yangu miaka yote ile, naye anasikia hivi hivi, tok, tok, na mkono wake unaniambia kaza, legeza, imetosha? Basi tulikuwa watu wawili ndani ya ukumbi mtupu, hakuna aliyesikia kitu, na hakukuwa na mwanamume mwenye furaha kama mimi Cape Coast nzima. Macho hayakuwa makavu tena. Ninamtaka mke wangu. Ninamtaka hapa, anidanganye tena. Jirani akanipa leso yake, akadhani ni muziki.

Makofi. Madam akasimama, akataka aliyeishughulikia piano ajitokeze. Nikageuka kumtafuta Fiifi. Yuko nyuma kabisa, mlangoni, ananionyesha mimi kwa mikono miwili. Bwana Bentsil akatangaza kwamba Fiifi ameieleza kamati: alichofanya chote kilikuwa maelekezo ya Mzee Kwamena Quansah, neno kwa neno. Watu wakasimama. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, na walikuwa wananingoja.

Nikapanda jukwaani. Nimeinama mara tatu.

Jumatatu, 27 Januari

Kamati imekaa. Ufunguo unabaki kwangu maisha yangu yote, kwa sharti moja, niache kunywa. Nikaapa mbele yao, mkono juu. Nimeacha pombe ambayo sijawahi kuinywa, wakanipongeza kwa ujasiri, na Bwana Bentsil akafuta machozi. Madam Sackeyfio atarudi mwezi wa sita. Ameacha salamu kwa wahenga.

Alasiri nikaamua kwenda kwa Fiifi nimwombe radhi. Nikavaa shati zuri. Nikapanga maneno njia nzima. Nikamkuta nje ya nyumba yake anashona kiatu cha mwanawe. Akainuka, akanipa kiti chake, akaniletea maji. Nikayanywa. Akaningoja. Nikamwambia uzi ule ni mwembamba mno kwa kiatu. Akasema asante, Mwalimu. Nikarudi nyumbani.

Jumanne, 28 Januari

Nimelala vizuri, akili imetulia. Nimeyapima yote. Mama Esuon ama ni mwongo ama alikosea. Aba alikuwa anasikia mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa akinisikia nikifungua kopo la biskuti chumba cha pili! Hakunidanganya hata siku moja. Na kama Aba alisikia, basi kazi yetu ilikuwa safi, na Fiifi miaka sita alikuwa anakuja kuiharibu. Ni jambo la wazi kabisa, sijui kwa nini lilinisumbua. Na Jumapili watu walilia kwa sababu noti za juu zilikuwa zinawaumiza na hawakujua wanaumia wapi.

Saa tatu nikaenda ukumbini na spana yangu. Sikutaka simu wala mwiko wala mtoto wa watu. Nikazirudia zote kumi na mbili kwa namna yetu. Nikapiga, nikafumba macho, nikangoja bega liniambie. Kaza. Kaza kidogo. Legeza. Ile ya mwisho ilichukua muda mrefu. Nikangoja, nikangoja, karibu nikate tamaa, kisha nikahisi kofi. Nikaandika kwenye daftari la ukumbi: piano imetengenezwa sawasawa, K. Quansah, fundi.

Wakati natoka nimemkuta Fiifi langoni, anahema, ametoka mbio. Nikamuuliza anatafuta nini. Akakunja mikono nyuma. Akasema Mwalimu, nimesahau mwavuli wangu ndani tangu Jumapili.

Mwavuli! Katikati ya Hamatani! Tone la mvua halijaanguka mji huu tangu mwezi wa kumi na moja. Na huyu ndiye waliyetaka kumkabidhi piano. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia aingie autafute polepole, atazame kila mahali, mimi leo sirudi tena.